Kuvuta fomula chini mu Excel: ile dola ya pesa na ile dola ya kufunga



Kuna swali moja ambalo linarudia sana kati yetu: "Nimeandika fomula ku mstari wa kwanza, jibu iko sawa. Nikivuta chini, mistari mingine inaleta mambo ya ajabu. Nifanye nini?" Wengine hawaulizi hata. Wanaandika fomula upya ku kila mstari, moja moja, mistari 180, mpaka usiku unaingia na kuriri inakatika. Na siku hizi ukiitwa ku teste ya kazi, mara nyingi wanakuweka mbele ya ordinatere, wanakupa liste ya wakulima na dakika kidogo, halafu wanatazama vidole vyako.

Mimi nilisoma agronomia, sikusoma informatiki. Kwa hiyo nitaeleza kwa kahawa na mahindi, vile sisi tunavyokutana na hizo hesabu ku shamba. Ukisoma mpaka mwisho utabaki na swali moja tu la kujiuliza kila mara unapotaka kuvuta fomula. Hilo swali likikaa mu kichwa, mengine yote yanakuja yenyewe.

1. Kwanza tuelewane juu ya majina

Fungua Excel. Unaona visanduku vingi. Kila kisanduku kiko na anwani yake: herufi ya kolone juu, namba ya mstari pembeni. Kisanduku cha kolone B, mstari wa 2, kinaitwa B2. Nafasi haitakosekana: tangu Excel ya 2007, ukurasa mmoja uko na mistari 1 048 576 na kolone 16 384.

Fomula inaanza kila mara na alama ya usawa (=). Ukisahau hiyo alama, Excel inafikiri umeandika neno tu, na haitahesabu kitu.

Tuchukue mfano. Kikundi cha wakulima kule Kalehe kinapokea kahawa nyekundu, ile ya kutoka ku mti siku hiyo hiyo. Katika liste tuko na:

- kolone A: jina la mkulima
- kolone B: kilo alizoleta
- kolone C: bei ya kilo moja kwa franga
- kolone D: pesa yake kwa franga

Mstari wa 1 ni wa vichwa. Mkulima wa kwanza yuko ku mstari wa 2: kilo 43, bei 1 200. Mu D2 unaandika:

=B2*C2

Unafinya Enter, inatoka 51 600. Vizuri. Sasa wamebaki wakulima 179.

2. Ukivuta, Excel inakopia nini?

Hapa njo penye siri yote. Watu wengi wanafikiri Excel inakopia yale maneno "B2*C2". Hapana. Kama ingekuwa inakopia yale maneno vile yalivyo, wakulima wote 180 wangelipwa 51 600, sababu wote wangehesabiwa na kilo za yule wa kwanza.

Excel inasoma fomula yako kwa namna ingine. Iko inajiambia: "Niko mu D2. B2 ni kisanduku cha pili upande wangu wa kushoto. C2 ni kile cha kwanza upande wangu wa kushoto. Kazi yangu ni kuzidisha hivyo viwili." Hiyo njia njo inakopia. Ukiishusha mpaka D3, inarudia maneno yale yale: cha pili kushoto, mara cha kwanza kushoto. Na ukiwa mu D3, cha pili kushoto ni B3, cha kwanza kushoto ni C3. Kwa hiyo fomula inakuwa =B3*C3 yenyewe. Mu D4 inakuwa =B4*C4. Mpaka D181.

Fikiri unamwelekeza mgeni mu Bukavu. Ukimwambia "ingia nyumba ya pili ku mkono wako wa kushoto", nyumba itategemea pale amesimama. Akisimama ku avenue ingine, ataingia nyumba ingine. Lakini ukimwambia "enda ku soko ya Kadutu", hata atoke wapi, atafika soko ile ile. Anwani ya kawaida mu Excel ni ile ya "nyumba ya pili kushoto". Inatembea pamoja na fomula.

3. Namna za kuvuta

*Ya kwanza, kwa mkono.* Finya ku D2 mara moja. Ku pembe ya chini, upande wa kuume wa kisanduku, kuna kakaro kadogo. Peleka suri pale mpaka mshale ugeuke kuwa msalaba mweusi mwembamba. Shikilia, vuta mpaka mstari wa mwisho, achilia.

*Ya pili, ya haraka.* Pale pale ku kakaro, finya mara mbili bila kuvuta. Fomula inashuka yenyewe mpaka pale data za kolone ya jirani zinaishia. Lakini angalia: kama jirani iko na pengo katikati, kwa mfano mkulima mmoja hakuandikiwa kilo, inaweza kusimama pale na kuacha wengine. Kila mara shuka chini uone kama imefika.

*Ya tatu, kwa kukopia.* Ku D2 fanya Ctrl+C. Chagua D3 mpaka D181. Fanya Ctrl+V. Hii inasaidia sana kama liste ni ndefu na suri inakusumbua.

*Ya ine, kwa mara moja.* Chagua D2 mpaka D181 kwanza. Andika =B2*C2. Halafu, pahali pa Enter peke yake, finya Ctrl na Enter pamoja. Visanduku vyote vinajaa, kila kimoja na mstari wake.

Kwa wale wenye kutumikia telefone, ni vilevile: gusa kisanduku, chagua kukopia, chagua visanduku vya chini, bandika. Anwani zinatembea sawa na ku ordinatere.

4. Kisha tunaleta taux, na mambo yanaharibika

Huku kwetu mkulima anahesabu kwa franga, mnunuzi anahesabu kwa dola. Tuweke kolone E, pesa kwa dola. Taux ya leo tuiandike pembeni, mu H1. Tuseme ni 2 800 kwa dola moja. Ni mfano tu, wewe utaweka ya siku yako.

Mu E2 unaandika:

=D2/H1

Inatoka 18,43. Sawa kabisa. Unavuta chini. Mu E3 unaona #DIV/0! na mu E4 vilevile, mpaka chini kabisa.

Kwa nini? Kwa sababu ya ile siri. Excel ilisoma: "gawanya kisanduku cha kushoto kwangu, kwa kile kilicho kolone tatu kuume, mstari huu huu wa... hapana, mstari mmoja juu yangu." Iliposhuka mstari mmoja, na H1 ilishuka pia, ikawa H2. H2 iko wazi. Kugawanya kwa kitu kilicho wazi ni kugawanya kwa sifuri, na hiyo haiwezekani.

Hapa tunataka sehemu moja ya fomula itembee (D2, D3, D4) na sehemu ingine ibaki pale pale (H1). Ya kubaki tunaifunga. Ufunguo wake ni alama ya dola:

=D2/$H$1

Dola mbele ya H inasema: kolone isitembee. Dola mbele ya 1 inasema: mstari usitembee. Vuta sasa. Mu E3 unapata =D3/$H$1, mu E4 =D4/$H$1. Kila mkulima na pesa yake, wote na taux moja.

Wanaoanza wanachanganyikiwa sana hapa, sababu tunaongea dola ya pesa na dola ya kufunga mu fomula moja. Hayana undugu. Ile $ ya mu fomula haiangalii pesa hata kidogo. Hata ungekuwa unahesabu mbolea ao mvua, ungeiweka. Ni kama kamba ya kufungia mbuzi: inazuia anwani isitembee.

Hauna lazima ya kuandika dola kwa mkono. Wakati uko unaandika fomula, kama mshale wa maandishi ungali juu ya H1, finya F4. Inakuwa $H$1. Finya tena, inakuwa H$1. Tena, $H1. Tena, inarudia H1. Ku ordinatere nyingine ndogo inaomba Fn na F4 pamoja. Ku telefone, andika $ mwenyewe.

Kuna na njia ingine kwa wenye hawapendi dola. Simama ku H1, enda ku kile kisanduku kidogo cha juu kushoto ambacho kinaonyesha "H1", futa, andika taux, finya Enter. Sasa H1 iko na jina. Fomula yako itakuwa =D2/taux, na jina halitembei ukivuta. Hata mwenye atasoma fishie yako mwaka kesho ataelewa.

5. Kosa linalopiga kelele na kosa linalonyamaza

Ile #DIV/0! ni kosa zuri. Inapiga kelele, unaiona, unatengeneza. Mbaya ni ile inayonyamaza.

Tuseme mwenye kutunza liste alikuwa na mpango mzuri: mu H1 aliweka taux ya leo 2 800, mu H2 ya mwezi uliopita 2 750, mu H3 ya mwezi wa mbele yake 2 700. Anaandika =D2/H1 bila kufunga, anavuta. Tuangalie wakulima watatu wa kwanza:

- Mstari wa 2: kilo 43, franga 51 600, kwa 2 800 = dola 18,43
- Mstari wa 3: kilo 27,5, franga 33 000, kwa 2 750 = dola 12,00
- Mstari wa 4: kilo 61, franga 73 200, kwa 2 700 = dola 27,11

Majibu yote matatu yanafanana na majibu ya kweli. Hakuna hata moja inayokushtua. Lakini mkulima wa mstari wa 3 angestahili 11,79 na wa mstari wa 4 angestahili 26,14. Makosa yenye kelele yanaanza paka mstari wa 5. Sasa mtu mwenye haraka atatengeneza kuanzia mstari wa 5 kwenda chini, ataona kila kitu kimekuwa kizuri, atafunga ordinatere. Ile mistari miwili inabaki na uongo ndani.

Utasema ni senti tu. Lakini fikiri siku ya malipo. Wamama wamekaa chini ya mti, kila mmoja na karatasi yake ya kilo. Hawana Excel, lakini hesabu ya kilo zao wanaifanya mu kichwa kuliko mimi na wewe. Wawili wameleta kilo sawa, siku moja, na wanapokea pesa tofauti. Nani atawaambia ni anwani ilitembea? Watasema karani anakula pesa. Na kikundi kikivunjika imani, kurudisha watu kuleta kahawa pale ni kazi ya misimu mingi. Njo maana mimi ninasema kufunga kisanduku si mambo ya watu wa informatiki peke yao. Ni mambo ya kila mtu anayeshika liste ya watu.

6. Swali ni la zamani kuliko Excel

Programu ya kwanza ya namna hii iliyojulikana sana ku ordinatere ndogo iliitwa VisiCalc. Ilitoka mwaka 1979, ilitengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston kule Marekani. Bricklin alipata wazo hilo akingali mwanafunzi wa Harvard. Ukitaka kukopia fomula mu VisiCalc, programu ilikuuliza juu ya kila anwani iliyo ndani ya fomula: hii itembee, ao isibadilike? Ulijibu moja moja.

Excel haikuulizi tena. Inachukua kwamba umejibu "itembee", isipokuwa umeweka dola. Lakini swali lenyewe halikufa. Njo lile swali nililowaahidia ku mwanzo:

Kila anwani katika fomula yangu: inifuate, ao ibaki?

Kabla ya kuvuta, weka kidole juu ya kila anwani na ujibu. Bei ya kila mkulima? Inifuate. Taux? Ibaki. Ukubwa wa parsele, kama parsele zote ziko sawa? Ibaki. Uzito wa mavuno? Unifuate.

7. Kufunga nusu

Mara ingine unataka kufunga upande mmoja tu.

*Jumla inayopanda.* Unataka kuona, kila mstari, kilo zilizopokelewa tangu mkulima wa kwanza mpaka huyu. Mu F2 andika:

=SOMME(B$2:B2)

Ukivuta, F3 inakuwa =SOMME(B$2:B3), F4 inakuwa =SOMME(B$2:B4). Mwanzo umefungwa, mwisho unatembea. Ni kama kamba yenye imefungwa ku mti upande mmoja, na upande wa pili unashuka nayo.

*Jedwali la pande mbili.* Unataka kutayarisha mbolea. Mu kolone A, kuanzia A2, kuna ukubwa wa mashamba kwa hektari: 0,25, halafu 0,5, halafu 1. Ku mstari wa 1, kuanzia B1, kuna kipimo cha kilo kwa hektari: 50, 100, 150. Mu B2 andika:

=$A2*B$1

Kisha vuta kuume, na vuta chini. Jedwali lote linajaa kwa fomula moja. $A2 inasema: kolone ya mashamba ibaki, mstari ufuate. B$1 inasema: mstari wa vipimo ubaki, kolone ifuate. Shamba la 0,5 kwa kipimo cha 150 litaonyesha 75. Ukielewa huu mfano umemaliza kila kitu juu ya dola.

8. Magonjwa ya kawaida na dawa yake

*Umevuta, na mistari yote inaonyesha jibu moja.* Angalia fomula mu D3. Kama ni =B3*C3 kweli, basi fomula ni nzima, ila Excel haihesabu. Kuna mtu aliiweka ku hesabu ya mkono. Enda ku "Formules", kisha "Options de calcul", chagua "Automatique". Ao finya F9. Lakini kama mu D3 unaona =$B$2*$C$2, basi ulifunga vitu ambavyo vilipaswa kutembea.

*#NOM?* Excel haijui hilo neno. Fomula nyingi tunazopata zinatoka ku mafunzo ya Kiingereza, na Excel zetu nyingi ni za Kifaransa. SUM kwetu ni SOMME, AVERAGE ni MOYENNE, IF ni SI. Na mahali Waingereza wanaweka mkato (,) kati ya sehemu za fomula, sisi tunaweka nukta mkato (;).

*#VALEUR!* Unahesabu neno pahali pa namba. Sababu kubwa huku kwetu ni nukta. Ku ordinatere iliyowekwa Kifaransa, 27,5 ni namba, lakini 27.5 inabaki kama maandishi. Utaitambua: namba zinaegemea kuume, maandishi yanaegemea kushoto. Na hapa tena kuna kosa linalonyamaza: fomula ya kuzidisha inaweza kulalamika, lakini SOMME inaruka maandishi bila kusema neno. Jumla yako inapungua, na hauambiwi.

*#REF!* Kisanduku ambacho fomula ilikuwa inatafuta kimefutwa, ao umevuta mpaka anwani imetoka inje ya ukurasa. Rudi nyuma kwa Ctrl+Z.

*####* Hiyo si kosa. Kolone ni nyembamba, namba haipati nafasi. Ipanue.

9. Kuhakikisha kabla ya kutuma

Mwaka 2010, maprofesa wawili wa uchumi, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko juu ya deni la nchi na ukuaji wa uchumi. Viongozi wakubwa wa Ulaya na Marekani walilitumia katika mabishano yao juu ya kupunguza matumizi ya serikali. Mwanafunzi mmoja wa doktora ku Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alipewa kazi ya darasa ya kurudia hesabu za andiko fulani, akachagua hilo. Majibu yake hayakulingana. Akaomba fishie yao ya Excel, wakamtumia. Ndani akakuta kwamba fomula moja ya wastani ilichukua mstari wa 30 mpaka wa 44, wakati data zilifika mpaka mstari wa 49. Nchi tano zilibaki inje: Australia, Austria, Ubelgiji, Canada na Denmark. Mu 2013 yeye na walimu wake wawili walitangaza hayo, pamoja na mambo mengine ambayo hawakukubaliana nayo katika namna ya kuhesabu. Wenye andiko walikubali kwamba lile kosa la Excel lilikuwepo.

Ninapenda hiyo habari sababu aliyeona alikuwa mwanafunzi kama sisi, na alichofanya ni kufinya ku kisanduku na kusoma fomula iliyo ndani. Basi na sisi tuwe na desturi hii, haiombi hata dakika tano:

- Finya ku kisanduku cha kwanza, kimoja cha katikati, na cha mwisho. Ku kila kimoja finya F2. Excel inapaka rangi ku visanduku ambavyo fomula inatumia. Angalia kama ni vyenyewe.
- Chagua mstari mmoja, hesabu kwa kalamu ao kwa telefone. Usichague wa kwanza, huo kila mara uko sawa. Chagua wa chini.
- Enda ku "Formules", finya "Afficher les formules". Kolone nzima inaonyesha fomula pahali pa majibu. Penye fomula haifanani na jirani zake, pale pana shida.
- Hakikisha jumla kwa njia ya pili. Kama =SOMME(D2:D181) na =SOMMEPROD(B2:B181;C2:C181) hazitoi namba moja, kuna mstari unaodanganya.

10. Taux ikibadilika

Jambo la mwisho, na ni la hatari. Umefunga vizuri $H$1, umelipa watu mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili taux imebadilika, unafuta 2 800 mu H1 unaandika ingine. Kumbe malipo yote ya mwezi wa kwanza, yale yaliyokwisha kutoka, yanajihesabu upya mbele yako! Ripoti uliyoituma na fishie uliyo nayo havisemi tena kitu kimoja.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza: weka kolone ya taux, kila mstari na taux ya siku yake, na fomula iwe inaitembelea bila dola. Ya pili: malipo yakikwisha, chagua kolone E, fanya Ctrl+C, kisha "Collage spécial", kisha "Valeurs". Fomula zinaondoka, majibu yanabaki kama yameandikwa kwa wino. Mimi ninapendelea ya kwanza, sababu inaacha njia ambayo mwingine anaweza kuifuata na kuhakikisha.

Kazi ya nyumbani

Hii ni ya wale wanaotayarisha TFC ao memware ya majaribio ya shamba. Parsele zote ziko na mita za mraba 12. Weka 12 mu H1. Unyevu wa kulinganisha mahindi yote ni 13 kwa mia. Weka 13 mu H2. Kolone B ni kilo za mahindi ya kila parsele, kolone C ni unyevu wake. Mu B2 weka 4,2 na mu C2 weka 18. Mu B3 weka 5,1 na mu C3 weka 20. Mu D2 andika hesabu ya kilo kwa hektari:

=B2*10000/H1*(100-C2)/(100-H2)

Utapata karibu 3 299. Vuta mpaka D3. Itatoka karibu 3 138. Hakuna kelele, hakuna alama ya kosa, na mavuno ya parsele ya pili yanaonekana madogo kuliko ya kwanza, hata kama kilo zilikuwa nyingi.

Sasa weka kidole juu ya kila anwani, uliza swali letu, funga zile zinazopaswa kubaki, uvute tena. Ukipata karibu 3 908 mu D3, umeelewa. Usipopata, andika hapa fomula yako vile ilivyo, tuitazame pamoja.